Nzi Hatambuliki kwa Picha Pekee: Rai kwa Waundaji Istilahi

Anayetua ukingoni mwa kikombe cha chai, anayeharibu embe mtini na anayezaa mabuu juu ya mzoga: wote, katika Kiswahili cha kila siku, ni nzi. Hatuilaumu lugha kwa hilo. Msemaji wa kawaida hutaka nzi amwondokee tu, hana haja ya kumwainisha. Lawama ni yetu sisi wanaleksikografia na waundaji istilahi, ambao aghalabu huridhika na fasili ya "aina ya mdudu" na kukimbilia kidahizo kinachofuata. Siku hizi tumepata na udhuru mpya: kwamba picha ikiwekwa kando ya kidahizo, maelezo hayahitajiki tena. Rai yangu ni kwamba udhuru huo haufai, na nzi wenyewe ni ushahidi.

Tukiri kwanza kwamba picha nzuri husaidia. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, hujulikana hata kwa picha ya simu: akitua hulaza mabawa yake moja juu ya jingine mithili ya makasi yaliyofungwa, na mrija wake wa kufyonzea damu huelekea mbele. Ila kujua kwamba ni mbung'o si kujua ni mbung'o yupi. Kisiwani Unguja, ambako spishi iliyokuwapo ni Glossina austeni, wadudu hao waliangamizwa katika miaka ya 1990 kwa kuachilia madume waliofanywa tasa kwa mionzi, na mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996. Madume wa spishi nyingine wasingefaa kitu.

Kwa nzi wa nyama, picha hushindwa kabisa. Wengi wao ni wa kijivu, wana michirizi mitatu myeusi mgongoni na tumbo lenye mirabaraba kama ubao wa drafti. Apigwe picha mmoja au mia, mtaalamu atakutajia familia, pengine jenasi, kisha atanyamaza. Aghalabu spishi hubainika kwa umbo la viungo vya uzazi vya dume, ambavyo sharti vivutwe nje kwa sindano na kutazamwa kwa hadubini. Ndiyo sababu nzi hukusanywa, wakadungwa pini kifuani, kando kidogo ya mstari wa katikati ili nywele za upande mmoja zisalimike, na kuwekewa kibandiko chenye mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Kielelezo kisicho na kibandiko hicho ni sawa na neno lililonukuliwa bila matini yake.

Anayedhani haya ni mambo ya maabara tu, na awaulize wakulima wa maembe. Mwaka 2003 aligunduliwa pwani ya Kenya nzi wa matunda ambaye hakuwa akijulikana barani. Mwaka 2005 alipewa jina Bactrocera invadens. Mwaka 2015, baada ya wataalamu kulinganisha maumbo, chembe za urithi na tabia za kujamiiana, jina hilo lilifutwa, akatambuliwa kuwa ni yuleyule Bactrocera dorsalis wa Asia. Baina ya miaka hiyo, yaani mwaka 2014, Kenya ilisitisha kuuza maembe katika soko la Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na biashara hiyo haikurejea hadi mwaka 2021.

Mkulima ana nzi wa asili pia, Ceratitis cosyra, mwenye mabawa yaliyopakwa mistari ya manjano, ilhali mabawa ya mgeni ni maangavu. Chambo cha methili eujenoli huwavuta madume wa huyo mgeni, lakini hakimvuti cosyra. Basi aliyeambiwa tu "nzi wa maembe" atatundika mtego, auone mtupu, aseme shamba li salama.

Sasa tumweleze mkulima huyo tofauti hizo kwa Kiswahili. Vipapasio, kifua na tumbo tunavyo. Lakini nzi, pamoja na mbu na usubi ambao ni wa oda moja naye, ana mabawa mawili tu. Mahali pa mabawa ya nyuma pana vijiti viwili vyenye vichwa vya mviringo, vinavyomsaidia kujiweka sawa arukapo. Mwenye kutafsiri mezani ataviita "visawazishi". Aliyevitazama kwa kioo cha kukuzia atasema "virungu", na mkulima ataviona mara moja. Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yana hifadhi ya wadudu. Sioni kwa nini kozi ya leksikografia isiwapeleke wanafunzi huko hata kwa siku moja.

Zilizonishinda mimi ni nywele. Idadi na mpangilio wake ndio ufunguo wa kutenganisha spishi nyingi, na haziko za namna moja. Kwa zile nyembamba zinazofunika mwili, "malaika" yanafaa, kama tunavyoyaita yale ya mkononi mwa binadamu. Kwa zile nene, ngumu, za kuhesabika, nilifikiria "miiba" nikaiacha, maana mwiba huchoma na hizi hazimchomi mtu. Kwa sasa naandika "nywele ngumu", nami sijaridhika. Mwenye neno kutoka lahaja yake na alilete, mradi awe amelipima kwanza kwenye nzi aliyedungwa pini.