MNASOMA NAYE DARASA MOJA, ANAFUTURU PEKE YAKE



Ndugu zangu, na hasa nyinyi vijana mliopo vyuoni, leo tusemezane bila kuoneana haya. Kijana mmoja anayeswali hapa kwetu amenijibu neno lililonikera. Nilimuuliza: hawa Wasudani mnaosoma nao, mbona Ramadhani yote wanafuturu peke yao kule pembeni? Akasema, "Shehe, hao wana majivuno, wanajiona Waarabu. Tumewaachia wenyewe."

Mmewaachia! Mtu ametoka kwenye vita, pengine hajui nyumba yao kama imesimama, na wewe unayeswali naye safu moja unamwachia.

Khartoum kuna Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika. Miaka na miaka vijana wetu wa Unguja, Pemba, Tanga na Mombasa wamesoma pale, wengi wao watoto wa wanyonge. Waulizeni masheikh wenu waliosoma huko. Watawaambia kwamba Ramadhani ikifika, Wasudani hutandika mikeka barabarani nje ya nyumba zao, na mpita njia hapiti mpaka afuturu nao. Hawamuulizi kabila. Vita vilipoanza Aprili 2023, serikali iliwarudisha vijana wetu kwa ndege, wakalala kwa mama zao. Msudani yeye angerudishwa wapi? Baadhi yao wakaja hapa Muhimbili kumalizia masomo ya udaktari. Deni limebisha hodi mlangoni, nasi tunalilipa kwa kusema wana majivuno?

Na hayo majivuno umeyajuaje? Grupu la WhatsApp la darasa ni Kiswahili cha mitaani kitupu. Kipindi kinahamishwa, yeye hana habari, anakuta darasa tupu, nyinyi mnacheka. Asiyeelewa maneno hukaa kimya, na kimya chake mkakiita kiburi. Wapo wenye kiburi cha rangi kweli, sikatai, na hao nitawakemea uso kwa uso, kama Mtume (s.a.w.) alivyomkemea Abu Dharr alipomtusi mtu kwa mama yake. Lakini Abu Dharr alikemewa, hakutengwa.

Mtume (s.a.w.) alipounga udugu Madina, alimuunga Salman, mtu wa Uajemi, na Abu Dardaa, mwenyeji. Salman akawa anaingia nyumbani kwake. Siku moja akamkuta Ummu Dardaa hajijali, akaambiwa mumewe hana haja na dunia: mchana funga, usiku sala. Yule MGENI akamlisha mwenyeji, akamlaza usiku, akamkumbusha kuwa mwili na mke vina haki zao. Abu Dardaa akalipeleka neno kwa Mtume, na Mtume akasema Salman amesema kweli. Mnaona? Salman hakupewa kona ya kufuturia. Aliingizwa ndani mpaka akawa na ubavu wa kumsahihisha mwenyeji wake katika ibada!

(Nazungumzia mvulana kwa mvulana, msichana kwa msichana. Anayetaka mke, baba yake binti anajulikana alipo. Zile ndoa za siri za kungoja digrii iishe zina siku yake, na siku hiyo sitacheka na mtu.)

Ijumaa hii futari ni nyumbani kwangu, inshaallah. Kila kijana wa chuo aje na mgeni mmoja wa darasani kwake. Atakayekuja peke yake atanieleza kwa nini, mbele ya watu.

Wabillahi tawfiq.