Mtoto Asome Wapi?

Baba mmoja wa hapa Bigwa ametuletea swali, nasi twalijibu mbele ya wote, maana si lake peke yake. Binti yake amefikia umri wa kuanza darasa la kwanza. Mkewe ataka aende shule ya serikali iliyo karibu. Yeye baba amevutwa na shule ya binafsi huko mjini, yenye gari la kuchukua watoto na masomo kwa Kiingereza. Ili apate ada, amefikiri kuuza kipande cha shamba la migomba mlimani.

Tuanze na shamba, baba, kwa kuwa likienda halirudi. Wajua kwamba kwa desturi ya Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Je, wajomba wa mtoto wameulizwa? Tena ada si ya mwaka mmoja. Kipande hicho chaweza kulipa miaka miwili; wa tatu utauza nini? Tumewaona watoto waliotolewa shuleni katikati kwa kukosa ada, wakarudi kuketi na wenzao wanaosoma kwa Kiswahili, nao hawana hakika ya lugha hii wala ile. Huo ndio mzigo mzito, wala haubebwi na baba.

Wako wasemao kwamba shule ikiwa ya serikali ni duni tu. Hasha! Tazameni Kilakala, jirani yetu. Masista wa Maryknoll waliianzisha kwa jina la Marian College. Serikali ilizitwaa shule za misheni baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na hata leo Kilakala ni ya serikali, nao wasichana huchaguliwa kwa ubora wa masomo yao.

Walakini baba naye ana neno la kweli. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza mtoto hukutana ghafula na Kiingereza katika karibu kila somo. Wengi huzama hapo. Ada ya shule ya msingi ya serikali ilifutwa mwaka 2001, na ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Basi fedha ambayo ingekwenda kwenye ada, sehemu yake inunue vitabu vyepesi vya Kiingereza na kumlipa mwalimu wa kumsomesha wakati wa likizo. Sare, madaftari na mchango wa uji vitabaki juu yako, usidanganyike.

Kabla ya kuamua, nenda ukazione shule zote mbili, na mama mtoto awe pamoja nawe. Usitazame rangi ya kuta. Hesabu watoto wa darasa la kwanza walioketi mbele ya mwalimu mmoja. Omba daftari la mtoto yeyote, uone kama makosa yamesahihishwa. Uliza gari hupita saa ngapi, kwa maana mtoto wa miaka sita akiamshwa usiku ataisinzia hiyo ada yako darasani. Labda mama yake, alipotaka shule ya karibu, aliliwaza hilo kabla yetu.

Ukisha kuziona, tuandikie.