Singer na kadi ya harusi

Mwandishi, kwenye makala yako mwanafalsafa Peter Singer umemwachia kirahisi mno. Hoja yake ya 1972 aliiandika akiwafikiria wakimbizi wa Bengali Mashariki, Bangladesh ya leo: ukimwona mtoto anazama kwenye kidimbwi utaingia kumwokoa hata nguo zikichafuka, basi umbali wa anayekufa njaa usiwe kisingizio. Sawa. Lakini huku kwetu umbali ndiyo shida ndogo. Simu yangu ina kundi la WhatsApp la harusi na kundi la mgonjwa anayesubiri upasuaji, yote ya mtaa mmoja. La harusi kila siku linabandikwa orodha: nani kaahidi, nani kalipa, nani bado. La mgonjwa linajaa "pole sana" na viganja vya dua (dua ni bure, nadhani ndiyo sababu). Harusi tunachangia kwa kuwa kesho tutachangiwa sisi. Huo ni mkopo, na hoja ya kidimbwi haiugusi. Sasa, mtu akirudisha kadi ya harusi ili alipie dawa za jirani, ukoo una haki ya kumnunia? Mimi nasema hauna.