Tilapia wanne katika kidimbwi kimoja

Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeishi karibu na Khayega, Kaunti ya Kakamega. Anaeleza kwamba babake alichimba kidimbwi nyuma ya nyumba, akanunua vifaranga 1,000 vya tilapia kutoka kwa muuzaji aliyewaleta kwa pikipiki ndani ya mifuko ya plastiki. Miezi minane imepita. Samaki ni wengi hata maji yanatibuka wakirushiwa chakula, lakini kila anayevuliwa hazidi kiganja cha mtoto. Karo ya muhula huu ilitarajiwa itoke humo. Anataka kujua kama walipunjwa, na pia kwa nini baadhi ya samaki hao wana mistari mkiani na wengine hawana, ilhali wote ni tilapia.

Swali lake la pili ndilo linalolifungulia mlango lile la kwanza. Tilapia ni jina la ukoo, si jina la mtu. Mtu akikuuzia "tilapia" bila kusema ni yupi, ni kama kukuajiria mfanyakazi kwa kukutajia jina la babu yake tu.

Zamani Ziwa Victoria lilikuwa na tilapia wawili wa asili. Mmoja ni ngege, ambaye Mwingereza Michael Graham alimwandika kwenye vitabu vya sayansi mwaka wa 1928 kwa jina lenye maana ya samaki anayefaa kuliwa. Wa pili ni yule ambaye Wajaluo humwita mbiru. Halafu katika miaka ya 1950 wakaletwa wageni: tilapia wa Mto Nile, tilapia wa tumbo jekundu, na tilapia wa madoa meupe. Sangara, ambaye wengi wetu humwita mbuta, aliletwa katika miaka hiyo hiyo. Wageni wakastawi, wenyeji wakadidimia. Leo mtu wa Kisumu akikwambia amekula ngege, aghalabu amekula yule wa Mto Nile aliyerithi jina pamoja na ziwa.

Wazee wa magharibi wanaikumbuka kampeni ya miaka ya 1960 iliyohimiza watu wale samaki zaidi. Vidimbwi vikachimbwa kila mahali, na baadaye vingi vikaota magugu kwa sababu watu walichoka kuvua samaki wadogo wadogo. Mwaka wa 2009 serikali ikaja na mpango mwingine: vidimbwi 200 katika kila eneo bunge kati ya maeneo bunge 140. Hesabu hiyo ni vidimbwi 28,000, na kila kimoja kilihitaji vifaranga kwa wakati mmoja. Msomaji ataelewa mwenyewe kwamba penye uhitaji kama huo hakosekani mtu wa kuchota samaki kwenye bwawa lolote na kuwauza kama mbegu bora.

Basi utawatambuaje? Chukua chombo cha kioo, kama vile gudulia kubwa lililokuwa na jamu, au lile tangi la kioo ambalo shule nyingine huwa nalo kwenye maabara. Tia maji ya kidimbwini, weka samaki mmoja mwenye urefu wa kidole, uliinue juani. Usiwe na pupa. Mngoje dakika chache atulie na kuyatandaza mapezi yake. Kisha utazame mkia.

Tilapia wa Mto Nile, ambaye jina lake la kisayansi ni Oreochromis niloticus na ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sato, ana mistari myembamba iliyosimama wima kwenye pezi la mkia. Imepangwa mmoja baada ya mwingine tangu shina la mkia mpaka ukingoni, mithili ya michirizi ya kitambaa cha shati. Kati ya hao watano niliowataja hakuna mwingine mwenye mistari kamili namna hiyo. Huyu ndiye anayetafutwa na mfugaji, kwa kuwa hukua haraka na hali chaguo: mwani, pumba, chakula cha dukani, vyote kwake ni sawa.

Watu wengi huanza na rangi ya tumbo, na hapo ndipo wanapopotea. Dume wa tilapia wa Mto Nile anapotaka kuzaa huiva wekundu kichwani na kifuani, hata ukaapa ni yule wa tumbo jekundu. Akishtuka, rangi hubadilika na mistari mipana ya giza hujitokeza ubavuni. Mvue, umweke kwenye ndoo nyeupe, na baada ya dakika chache amepauka. Rangi ya tilapia ni kama ya kinyonga, kwa hiyo mimi huiweka mwisho kabisa katika orodha ya mashahidi.

Yule wa tumbo jekundu hasa, Coptodon zillii, akiwa mkubwa ana doa jeusi kwenye pezi la mgongoni, upande wa nyuma, na doa hilo limezungukwa na ukingo wa manjano. Mkia wake hauna ile michirizi. Lakini kuna mtego hapa ambao umewanasa hata watu waliosoma: vifaranga wa karibu jamii yote ya tilapia huwa na doa kama hilo wakiwa wadogo, kisha wengine hulipoteza wanapokua huku wa tumbo jekundu akibaki nalo. Kwa hiyo ukiwa mbele ya muuzaji na mfuko wa vifaranga, doa peke yake halithibitishi kitu. Rudi kwenye mkia.

Ipo njia nyingine ya kumtambua, nayo ni ya jikoni. Siku samaki wanapoparuliwa magamba, mwombe mama akuachie kichwa kimoja. Inua kifuniko cha shavu na utaona matamvua, vile viungo vyekundu vya kupumulia. Kwenye upinde wa kwanza, upande wa mbele, pana vijino vidogo kama vya kitana. Hesabu vile vya sehemu ya chini ya upinde huo. Wa tumbo jekundu ana takriban 8 hadi 12, maana yeye hutafuna majani na hana haja ya chujio jembamba. Wa Mto Nile ana karibu 20 au zaidi, kwa kuwa huchuja mwani mdogo majini. Mwanafunzi wa biolojia hatapata somo rahisi zaidi ya hili kuhusu chakula na umbile, na haligharimu hata senti.

Kama hutaki kumpasua samaki, tazama wanavyolea. Wa tumbo jekundu hutaga mayai chini, juu ya jiwe au udongo waliousafisha, na baba na mama husimama walinzi wakimfukuza kila anayekaribia. Wa Mto Nile hufanya mambo tofauti kabisa. Dume huchimba shimo la mviringo kama sinia, jike hutaga humo, kisha huyabugia mayai yote na kuyalea kinywani mpaka yaanguliwe. Muda wote huo hali kitu au hula kidogo sana. Ukiona jike mwenye koo lililovimba anajitenga ukingoni, huyo amebeba watoto. Ni tofauti hii ya malezi ambayo mtaalamu Ethelwynn Trewavas wa jumba la makumbusho la London aliitegemea alipougawa ukoo huu katika kitabu chake kikubwa cha mwaka wa 1983. Vitabu vya zamani vya shule viliwaita wote Tilapia, na ndiyo sababu mwalimu na mwanafunzi wanaweza kubishana na wote wakawa na kitabu cha kuonyesha.

Wa madoa meupe, Oreochromis leucostictus, naye hulea kinywani, kwa hiyo malezi hayatakusaidia kumtenga na wa Mto Nile. Dume lake lililokomaa huwa jeusi lenye vitone vyeupe vilivyotapakaa mwilini na kwenye mapezi, kama mtu aliyerushiwa unga. Mkiani hana michirizi iliyopangika. Huyu ndiye mgeni asiyetakiwa kidimbwini, kwa maana huanza kuzaa akiwa bado mdogo, na nguvu ambayo ingemwongezea nyama humalizikia kwenye uzazi. Mbiru, akionekana, hutambulika kwa ukingo wa rangi ya machungwa juu ya pezi la mgongoni. Wa Mto Nile, mahali hapo, ana kijivu au weusi.

Na wapo ambao hutawaweza. Jamaa hawa wanaolea kinywani huoana wao kwa wao, na watoto wao huchukua kidogo huku na kidogo kule: mkia wenye mistari iliyokatikakatika, vitone vichache, pezi lisiloeleweka. Ukiwaona wengi wa namna hiyo kwenye mfuko mmoja, usipoteze wakati kuwapa majina. Mwambie muuzaji asante, uende zako.

Sasa tuzungumzie karo. Je, walipunjwa? Ikiwa nusu ya samaki hawana mistari mkiani, mbegu ilichanganywa, hilo ni wazi. Lakini si kosa lote la muuzaji. Hata wa Mto Nile halisi, majike na madume wakiwekwa pamoja, huanza kuzaa kabla ya kutimiza miezi sita. Waliopandwa 1,000 huwa maelfu, na chakula kilekile hugawanywa kwa watoto na wajukuu. Isitoshe, Kakamega iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yenye baridi huwachelewesha tilapia.

Dawa yake ni kukausha kidimbwi, kuwala au kuwauza wote waliomo, na kuanza upya na madume watupu wa Mto Nile kutoka kituo kinachojulikana. Afisa wa uvuvi wa kaunti atakuelekeza. Anayetaka kuwachagua kwa mkono na angoje wafikie gramu 30 hivi, kisha amgeuze samaki tumboni: dume ana matundu mawili karibu na mkia, jike ana matatu. Kazi hiyo yataka macho makali na subira. Wengine huongeza kambare wachache ili wawale vifaranga wanaozaliwa, na njia hiyo hufaa mradi kambare wasiwe wakubwa kuliko tilapia mwenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo sioni likitajwa na wauzaji wa mbegu. Maji ya sehemu za kusini za Kakamega huteremka Mto Yala hadi kwenye kinamasi cha Yala huko Siaya, na kandokando ya kinamasi hicho liko Ziwa Kanyaboli. Humo ndimo ngege wa asili, yule wa mwaka wa 1928, alimobaki baada ya kukaribia kutoweka katika ziwa kubwa. Adui yake mmoja ni sangara. Mwingine ni huyu huyu tilapia wa Mto Nile ninayekushauri umfuge, ambaye humnyang'anya chakula na mahali pa kuzalia, na pia humwoa mpaka damu ya ngege ipotee ndani ya yake. Mvua kubwa ikikipasua kidimbwi cha Ikolomani, samaki wako hawaulizi njia.

Kwa hiyo jenga ukingo ulio juu kuliko mafuriko unayoyakumbuka, funga wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji, na wale samaki usiowataka siku ya kukausha kidimbwi waishie kikaangoni au kwa kuku, wala wasimwagwe mtoni.