Kabla ya Kumtuhumu Mpangaji, Itazamwe Mita

Katika nyumba nyingi za kupanga jijini Dar es Salaam na katika miji mingine ya Tanzania, familia tano au sita hutumia mita moja ya umeme. Huchangishana fedha za LUKU, na umeme unapoisha kabla ya siku iliyotarajiwa, manung'uniko huanza uani. Kwa kawaida lawama humwangukia asiye na mtetezi: mama anayeuza barafu kwa friji yake ndogo, au kijana aliyehamia mwezi uliopita. Wapo wapangaji waliozidishiwa mchango, waliokatiwa waya, na hata walioamriwa kuhama, na hakuna hata mmoja katika nyumba aliyekwenda kuisoma mita. Sisi tunaona kuwa huko ni kumhukumu mtu bila ushahidi, na kwamba ushahidi wenyewe unaning'inia ukutani.

Tuanze na hesabu, kwa maana ugomvi mwingi hutokana na kutoijua. Yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Pasi ya wati 1,000 ikitumiwa nusu saa hula nusu yuniti. Televisheni ya wati 80 kwa saa tano hula yuniti 0.4. Hita ya maji ya wati 3,000 hula yuniti tatu kwa saa moja tu. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiachwa usiku kucha, saa 12, hula yuniti 0.72, ilhali ya kisasa ya wati 9 hula 0.1 hivi. (Chaja ya simu, ambayo ndiyo hugombaniwa kwa sauti kubwa kuliko vyote, haifikii hata sehemu ya kumi ya yuniti kwa siku.)

Basi friji ya yule mama? Friji ndogo iliyo nzima hujizima na kujiwasha, na kwa siku hutumia yuniti moja hivi. Lakini mpira wa mlango ukichakaa, baridi huvuja na mota haipumziki. Mota ya wati 120 isiyozima mchana na usiku hula karibu yuniti tatu. Kuipima si kazi ngumu: bana karatasi mlangoni, kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umekwisha. Kumnunulia mama huyo mpira mpya ni gharama ndogo kuliko kumfukuza.

Hata hivyo, kuna mlaji mwingine ambaye hana chumba wala halipi mchango. Zimeni vyombo vyote katika nyumba, chomoeni kila kilichochomekwa, halafu tazameni taa ndogo nyekundu ya mita. Usoni mwa mita nyingi imeandikwa idadi ya mimweko kwa yuniti moja. Ikiwa ni 1,000, basi mmweko mmoja kila sekunde 36 maana yake ni wati 100 zinazotumika wakati huohuo. Ikiwa kila kitu kimezimwa na taa bado inamweka mfululizo, umeme unakwenda mahali. Zimeni swichi za njia moja moja kwenye sanduku la swichi mpaka mimweko ikome. Hapo mmeijua njia yenye kasoro. Huenda kuna waya uliounganishwa kwenda kwenye kibanda cha jirani. Huenda pia waya mkongwe umechubuka ndani ya ukuta wenye unyevu, na umeme unavuja ardhini. Uvujaji wa ampea moja kwa volti 230 hufikia yuniti 165 kwa mwezi, kupita matumizi ya familia kadhaa za chumba kimoja. Ukuta wa namna hiyo huweza pia kumwua mtoto anayeugusa akiwa na miguu mitupu. Aitwe fundi umeme mwenye leseni. Mpangaji asijaribu kuufungua mwenyewe.

Liko pia jambo ambalo halionekani kwa mimweko. Tuchukue bei za umeme zilizoidhinishwa mwaka 2016: mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, alilipa shilingi 100 kwa yuniti, na mtumiaji wa kundi la juu yake shilingi 292. Familia sita zinazotumia yuniti 20 kila moja, kila moja ikiwa na mita yake, zingelipa shilingi 2,000 kila moja kabla ya kodi na makato. Zikiwa kwenye mita moja ni yuniti 120, nazo huhesabiwa kama tajiri mmoja: shilingi 35,040, yaani 5,840 kwa kila familia. Hakuna aliyetumia zaidi, lakini kila mmoja amelipa karibu mara tatu. Tena, tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa katika fedha za kununulia umeme. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, na kwa maoni yetu ni haki airudishe kwa wapangaji au aipunguze katika pango.

Kwa hiyo tunawaomba wenye nyumba wasiifungie mita chumbani mwao. Iwekwe mahali pa wazi, namba zake ziandikwe katika daftari kila jioni mbele ya wapangaji wawili, na kila chumba kifungiwe mita ndogo ya kuhesabia hadi hapo familia zitakapoweza kuombewa mita zao. Nanyi wajumbe wa mitaa, mletewapo shauri la umeme, liulizieni kwanza daftari hilo. Kama halipo, msimwamuru mtu yeyote kuhama. Wapeni wiki moja ya kulijaza, na fundi aanze kazi kwenye kuta za bafu.