Kabla Uniambie India Wana Utamaduni, Lipa Fundi Wako

Likizo hii watu watatu ninaowafuata wameenda India. Sawa, pesa ni zao. Na video ni tamu, sidanganyi: sari zinapeperuka Jaipur, mafundi wa Bagru wanagonga vibao vya mbao kwenye pamba, mikono imejaa rangi mpaka kwenye viwiko. Shida yangu ni kepsheni. Wote watatu wameandika kitu kimoja: ati India wamelinda utamaduni wao, sisi tumetupa wetu.

Nani ametupa? Njoo Bungoma siku ya kupeleka mahari. Masenje wamefunga leso sare, wazee wameshonewa kitenge, mashemeji wanapimana kwa macho nani amependeza kuliko nani. Rangi iko, manze. Kitu hakiko hapo ni uzi wa nyumbani.

Tuanze na leso. Wanawake wa pwani waliianzisha karne ya 19, walipokuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vilivyoletwa na Wareno na kuviunga sita sita viwe nguo moja. Hata neno leso ni la Kireno. Halafu wafanyabiashara wenye asili ya India, kama familia ya Kaderdina Hajee Essak pale Mombasa, wakaikuza, na mpaka leo leso nyingi tunazonunua zinachapwa India. Kuna mji unaitwa Jetpur, uko Gujarat, viwanda vyake vinachapa leso na vitenge vya kuja Afrika. Pindo, mji, hata lile jina la kumchoma jirani, linapigwa chapa na mtu ambaye huenda hajui neno moja la Kiswahili. Kwa hivyo umepanda ndege kwenda kushangaa watu wanaomvisha mathe wako.

Na msianze kuniambia leso basi si yetu. Ni yetu. Mtoto amebebwa nayo, maiti imelindwa nayo usiku kucha, senje akinyimwa yake siku ya mahari hiyo kesi haiishi. Mimi naongea juu ya pesa.

Kwa sababu India hawakulinda nguo zao kwa kupenda mila kuliko sisi. Walipigania pesa. Tarehe 7 Agosti 1905, Calcutta, walitangaza kususia bidhaa za Uingereza, nguo zikiwa mbele. Baadaye Gandhi akaingiza gurudumu la kusokota pamba kwenye siasa. Tangu 2015 tarehe hiyo ni siku ya taifa ya wafumaji. Majina kama Kanchipuram na Pochampally yanalindwa na sheria, huwezi kuyabandika tu kwenye kitambaa chochote. Na hata na hayo yote, sensa yao ya 2019-20 ilihesabu wafumaji na wasaidizi wao zaidi ya milioni 3.5, na karibu familia mbili kwa kila tatu zilikuwa zinapata chini ya rupia 5,000 kwa mwezi. Hiyo sikuiona kwenye video ya mtu.

Sisi je? Malakisi, hapa hapa Bungoma, palikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba. Wakulima wakacheleweshewa malipo mpaka wakachoka, wakahamia mazao mengine. Mitumba ikamaliza kazi miaka ya 90. Rivatex ya Eldoret, ambayo si mbali na Kitale, ilianza 1976, ikaanguka, Moi University ikainunua 2007, na 2019 ikazinduliwa upya kwa mashine za mkopo. Mkopo kutoka wapi? India. Umesoma vizuri.

Hakuna mtu alitupa utamaduni hapo. Watu waliacha kulipwa.

Na bado tunawafanyia hivyo hivyo, sisi vijana wa kontenti tukiwa mstari wa mbele. Kuna fundi ana cherehani yake kwenye veranda Kitale, mwezi uliopita alinionyesha daftari la madeni. Nusu ya majina ni watu wenye wafuasi wengi. Walishonewa, wakamwambia watamlipa kwa kumtangaza, wakapiga picha safi ukutani, na jina la fundi halikuonekana popote. Mmoja amevaa gauni hilo hilo kwenye video yake ya Jaipur. Anadaiwa 1,800.

Yeye ndiye ameandika tumetupa utamaduni wetu.

Basi ukirudi, usinitumie rangi kwanza. Mlipe yule jamaa. Halafu weka posti ya gauni: nani alishona, yuko veranda gani, alilipwa ngapi, kitambaa kilichapwa wapi. Hiyo nitaisambaza mwenyewe, hata kama picha imetoka vibaya.