Mbunifu, Ijue Biashara Unayoichorea

Vijana wetu wabunifu wana mikono mizuri. Nembo, lebo za bidhaa na kurasa za programu za simu wanazozichora zinastahili sifa. Lakini wengi wakipewa kazi huuliza mambo mawili tu: rangi gani, na inatakiwa lini. Hawaulizi mwenye biashara anapata faida wapi, anamuuzia nani, wala anashindana na nani. Kazi ikikataliwa, hulalamika kwamba mteja hana jicho la sanaa.

Ili kuona jinsi biashara inavyoongoza usanifu, tuitazame M-Pesa, huduma ya Kenya ya fedha kwa simu. Ilianza kujaribiwa mwaka 2005 ili wakopaji wadogo wapokee na kulipa mikopo kwa simu. Katika majaribio hayo, watu walionekana wakiitumia kutumiana fedha wao kwa wao. Wenye huduma wakabadili mkakati: ilipozinduliwa Machi 2007, mambo ya mikopo yaliwekwa kando, ikabaki ahadi moja ya kutuma pesa nyumbani. Usanifu nao uliitii biashara. Wateja waliolengwa walikuwa na simu za bei ndogo, kwa hiyo menyu ilikaa ndani ya laini, bila kuhitaji intaneti. Wengi hawakuwa na akaunti za benki, kwa hiyo walihudumiwa na wakala wa dukani. Na kwa kuwa mapato hutokana na ada za miamala, ilibidi kutuma kuwe kwepesi na kwa kuaminika, ili aliyetuma leo atume tena kesho. Asiyejua mambo hayo angechora ukurasa wa kupendeza usiomfaa mtu.

Wapo watakaosema hesabu ni kazi ya wahasibu, msanii aachiwe sanaa yake. Hoja hiyo inamdhulumu msanii mwenyewe. Asiyejua lengo la biashara hana la kujitetea nalo mchoro wake unapopingwa, atabaki kusema, “mimi naona unapendeza.” Anayelijua huitwa mapema, maamuzi yanapofanywa, na malipo yake hupimwa kwa faida aliyoileta.

Kuuliza si ujinga. Kabla ya kuwasha kompyuta, kaa na mwenye mali akueleze fedha inaingiaje na inapotelea wapi. Nenda dukani uone mnunuzi anachukua nini na anaacha nini. Nanyi walimu wa vyuo vya sanaa, wafundisheni wanafunzi kusoma hesabu za biashara kama mnavyowafundisha kupanga rangi. Wabunifu, kipaji mnacho; kipeni maarifa ya soko, kiwalishe ninyi na kiwainue wanaowaajiri.